Kabla ya Kununua Dawa, Pima Kiwavi

Sehemu ya mahindi ya Masisi haifiki ghalani. Huvunwa mabichi, yakachemshwa nyumbani au yakapakiwa magunia kwenda Sake na Goma, yakaishia juu ya makaa pembeni mwa barabara. Mnunuzi wa mahindi hayo hufungua ganda kwa kidole gumba, na akikuta kiwavi au kinyesi chake analirudisha suke na kuchukua la jirani. Kwa hiyo mkulima wa mahindi mabichi humwogopa mdudu kuliko yule anayelimia unga wa bugali, naye ndiye anayekimbilia dukani mapema. Hapo anajikuta akipulizia sumu kitu ambacho mtoto wa mtu atakitafuna wiki ijayo bila hata kukiosha.

Wakulima huuliza ipi bora kati ya njia tatu: kutumia viumbe wanaomla mdudu, kutumia majani na mizizi, au kutumia dawa ya duka. Swali hilo halina jibu mpaka ujue mambo mawili: kiwavi aliye shambani kwako ana ukubwa gani, na mahindi yako yamefikia umri gani. Dawa inayoua kiwavi wa siku tatu haimtikisi wa wiki mbili. Na dawa unayoweza kuvumilia mahindi yakiwa magotini hutakiwi kuigusa yakishaota ndevu.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Anayesumbua zaidi ni kiwavijeshi vamizi, ambaye maagronomu wetu humwita kwa Kifaransa chenille légionnaire d'automne. Asili yake ni bara la Amerika. Hapa Afrika alionekana kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa 2016, upande wa magharibi, na kufikia 2018 alikuwa ameenea karibu nchi zote za kusini mwa Sahara, Kongo ikiwemo. Nondo wake anaweza kusafiri kilomita 100 kwa usiku mmoja akibebwa na upepo, kwa hiyo usimlaumu jirani kwamba amekuletea. Utamtambua kiwavi mkubwa kwa alama ya Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso, na madoa manne meusi yaliyopangika mraba karibu na mkia.

Jike hutaga mayai kwa mafungu ya mia au mia mbili, akayafunika kwa manyoya ya kijivu, mara nyingi chini ya jani. Siku mbili au tatu baadaye yanaanguliwa, ikiwa kuna joto. Vitoto vyake hukwangua jani upande mmoja na kuacha vidirisha vyeupe, kisha husambaa na kuingia katika moyo wa mmea. Humo hula usiku, hukua, na huziba mlango nyuma yao kwa kinyesi kinachofanana na vumbi la msumeno. Mlango ukishazibwa, dawa yoyote unayomimina hukutana na kinyesi kwanza. Viwavi wakubwa hulana wenyewe kwa wenyewe, ndiyo maana katika mmea mmoja kwa kawaida hubaki mmoja tu, mnene. Akishiba hushuka udongoni, sentimita chache chini, hugeuka kuwa pupa ya kahawia, na hutoka tena akiwa nondo.

Hapa Masisi na Walikale hawalingani. Walikale, kwenye msitu wa chini, nyuzi joto ziko juu mwaka mzima na mdudu hukamilisha safari yote kwa mwezi mmoja hivi. Kwenye vilima vya Masisi vinavyozidi mita 2,000 baridi humchelewesha, na kizazi kimoja kinaweza kuchukua miezi miwili. Mkulima wa mlimani ana muda zaidi wa kumwona kiwavi akiwa mdogo. Mkulima wa Walikale akikosa wiki moja ya kukagua, amekosa mengi.

Mlimani kuna mwingine wa zamani, kitoboa bua, ambaye wataalamu humwita Busseola fusca. Huyu huacha matundu madogo yaliyojipanga mstari juu ya majani, kisha huingia ndani ya bua na kuua chipukizi la katikati. Akishaingia ndani ya bua, hakuna cha kumfuata humo, si majani wala dawa ya duka.

Sasa, kukagua. Anza wiki ya pili baada ya mahindi kuchipua, mara mbili kwa wiki. Tembea shambani kwa njia ya kupindapinda, usimame sehemu tano, na kila sehemu utazame mimea kumi kwa kufunua moyo wake. Hesabu yenye vidirisha vipya au kinyesi kibichi, uache majani ya zamani yaliyotoboka kwa sababu huyo aliyeyatoboa huenda ameshaondoka. Mwongozo uliotolewa kwa ajili ya Afrika mwaka 2018 na kituo cha utafiti wa mahindi CIMMYT na washirika wake unashauri kuchukua hatua pale mimea 20 kati ya 100 inaposhambuliwa, mahindi yakiwa bado machanga. Yakishakuwa makubwa lakini hayajatoa mbelewele, kiwango hupanda hadi 40 kati ya 100. Mahindi yana uwezo wa kujirudi. Jani lililotoboka kama chujio linatisha macho, lakini utafiti uliofanywa mashariki mwa Zimbabwe na kuchapishwa 2019 uligundua kwamba katika mashamba ya wakulima wadogo upotevu wa mavuno ulikuwa karibu asilimia 12, pungufu kabisa ya makadirio yaliyokuwa yakisemwa wakati ule. Asilimia 12 inauma. Ila lazima uilinganishe na bei ya dawa, kukodi pompi na siku za kazi.

Utafiti huohuo ulionyesha jambo litakalowaudhi mama zetu wengi: maboga yaliyopandwa kati ya mahindi yaliongeza madhara ya kiwavi. Nasi tumezoea maboga shambani, na majani yake ni mboga. Sisemi yang'olewe. Yahamishiwe pembezoni, au sehemu uliyotenga, na nafasi yake katikati ya mahindi ichukuliwe na maharagwe. Mahindi yaliyochanganywa na maharagwe yalionekana nchini Uganda kuwa na viwavi wachache kuliko mahindi yaliyosimama peke yake. Palizi ya mara kwa mara pia ilisaidia kule Zimbabwe.

Hapo tayari tumeingia katika njia ya kwanza, ya viumbe, ambayo watu hudhani ni lazima ije ndani ya kopo. Adui wengi wa kiwavi wako shambani tayari. Kuna nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai yake, mmoja wao, Telenomus remus, alithibitishwa mwaka 2019 kuwa yuko katika nchi kadhaa za Afrika bila mtu kumleta. Kuna sisimizi, kuna vidudu vyenye koleo mkiani vinavyojificha katika moyo wa mmea, kuna buibui, kuna ndege. Kazi yako ni kutowaua na kuwapa mahali pa kukaa: uzio wa miti, ukingo wa majani ya tembo kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko, maua ya porini usiyoyafyeka yote. Shamba la Walikale lililozungukwa na msitu lina jeshi hilo la bure. Shamba la Masisi lililo katikati ya malisho ya ng'ombe, bila hata kichaka, halina, na mwenye shamba hilo lazima apande ukingo.

Kuna viumbe vidogo zaidi ambavyo huvitambui mpaka uone maiti ya kiwavi. Ukimkuta amekauka, mgumu, amefunikwa na unga mweupe au wa kijani, ameuawa na kuvu. Ukimkuta ananing'inia kichwa chini, laini, mweusi, akichuruzika maji, ameuawa na kirusi. Kirusi hicho hakimdhuru mtu, kuku wala nyuki. Shirika la FAO katika mafunzo ya mashamba darasa limekuwa likiwaeleza wakulima waokote maiti hizo, wazisage, wachuje kwa maji safi na kunyunyizia katika moyo wa mimea mingine jioni, kwa sababu jua hukiua kirusi haraka. Ni kazi ya kinyaa, nakubali. Lakini haigharimu hata franka moja, na inafanya kazi hasa kwa viwavi wadogo. Viwandani kuna bidhaa za namna hiyo, pamoja na bakteria anayeitwa Bacillus thuringiensis, zinazouzwa Kenya na Uganda. Masisi hazipatikani kirahisi, na zikisafirishwa wiki nzima juu ya lori kwenye jua huenda ukanunua kopo la viumbe waliokufa.

Njia nyingine ya viumbe ni ile ya kituo cha icipe cha Nairobi, iliyoanza kufikishwa kwa wakulima wa magharibi mwa Kenya mwaka 1997: desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na nyasi za malisho kuzunguka shamba. Ilibuniwa kwa ajili ya kitoboa bua. Alipokuja kiwavijeshi, watafiti walihesabu mwaka 2017 katika mashamba ya wakulima 250 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakakuta viwavi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwenye mashamba yenye mfumo huo uliorekebishwa kwa ukame, wenye nyasi za brakiaria. Kwa mfugaji wa Masisi, njia hii ni kama kupewa ng'ombe na ndama wake: desmodiamu na brakiaria ni chakula cha mifugo na hushika udongo wa kilimani. Tatizo lake ni ardhi. Desmodiamu hukaa miaka. Mtu anayekodi kipande cha shamba kwa msimu mmoja kutoka kwa mwenye konsesio hawezi kupanda kitu cha miaka mitatu, na mara nyingi mwenye ardhi hatakubali. Kwa mpangaji, maharagwe yanatosha. Kwa mwenye ardhi yake, sioni sababu ya kutoanza hata na mistari michache.

Njia ya mikono nayo niiweke hapa. Kama shamba lako ni nusu hekta au chini ya hapo, hakuna dawa inayoshinda vidole viwili vinavyoponda mafungu ya mayai wakati wa kukagua. Wengine huweka majivu au mchanga laini katika moyo wa mmea, kidogo tu, kiwavi akiwa mdogo. Ushahidi wake si mwingi kama sifa zake, lakini majivu yako jikoni, kwa hiyo jaribu kwenye mistari mitano na uilinganishe na mitano usiyoiwekea.

Sasa mimea. Vitabu vingi vitakuambia mwarobaini, na waandishi wake pengine hawajawahi kukanyaga Mushaki au Rubaya. Mwarobaini unapenda joto na ukavu, haufanyi vizuri katika baridi na mvua ya mlimani. Mmea wetu ni mtupa, Tephrosia vogelii, kichaka chenye maua meupe au ya zambarau na maganda yenye manyoya, ambao wavuvi wa mitoni wanaufahamu kwa sababu huwalevya samaki. Majani yake yana sumu aina ya rotenoni. Kausha majani kivulini, yatwange, chukua kilo moja ya unga kwa lita kumi za maji, ongeza sabuni kidogo, acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa, nyunyizia jioni ya pili ukielekeza katika moyo wa mmea. Usiiruke sabuni: sumu ya mtupa haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu, na sabuni ndiyo inayoitoa kwenye jani.

Kuna mtego katika mtupa ambao wengi hawaufahamu. Watafiti waliochunguza mitupa ya Malawi walikuta mimea ya aina mbili inayofanana kwa macho, mmoja una rotenoni na mwingine hauna kabisa. Ndiyo maana jirani anausifu na wewe unaona hauui kitu. Kabla ya kutwanga magunia, weka viwavi wadogo kumi kwenye chupa yenye majani uliyoyanyunyizia, na kumi kwenye chupa ya majani yasiyonyunyiziwa dawa. Ngoja siku mbili. Ikiwa wote wanaendelea kula, tafuta mbegu za mtupa mwingine.

Pilipili na kitunguu saumu huwafukuza wadudu kuliko kuwaua, na mvua ya Walikale huziosha jioni hiyohiyo. Mimi nisingetumia pesa ya kitunguu saumu kwa kiwavi. Tumbaku huua kweli, lakini nikotini yake hupita kwenye ngozi ya anayeitwanga kama inavyopita kwenye ngozi ya mdudu, na mama mjamzito asiisogelee. Mtupa nao, kwa sababu unaua samaki, usioshe ndoo yake katika kijito kinachokwenda kwenye mito Osso au Lowa, wala karibu na maziwa ya Mokoto. Kutoka kwenye mti hakuiondolei sumu usumu wake.

Pareto inastahili kutajwa hapa kwa sababu inasimama mlangoni kati ya mimea na kemikali. Ililimwa katika nyanda za juu za Kivu enzi za Wabelgiji, na Rwanda mpaka leo inaisindika Musanze. Maua yake makavu yana pairethrini, inayomwangusha mdudu haraka na kuvunjwa na jua ndani ya saa chache. Wanakemia waliiga umbo lake na kuliimarisha ili jua lisiivunje, ndipo zikapatikana sipemetrini, deltametrini na lambda-sihalotrini, zile zinazojaa katika maduka yetu. Kwa hiyo chupa unayonunua sokoni inaweza kuwa binamu wa ua lililowahi kulimwa kwenye vilima hivihivi. Tofauti ni kwamba ua lingekwisha nguvu usiku, na binamu yake hubaki siku nyingi akiua pia nyigu na sisimizi waliokuwa wakikufanyia kazi bure.

Na hapo ndipo udhaifu wa sipemetrini unapoonekana. Kiwavijeshi vamizi alipotoka Amerika alikuja akiwa na historia ndefu ya kupigwa na dawa za aina hiyo na za aina ya profenofosi, na ukinzani ndani ya damu. Mkulima anapulizia, viwavi wachache wadogo wanakufa, adui zao wote wanakufa, na wiki mbili baadaye shamba ni baya kuliko mwanzo. Kisha anaongeza kipimo. Ukilazimika kutumia kemikali, tafuta chupa yenye emamektini benzoati au klorantraniliproli, ambazo humuua kiwavi anapokula na hazifagii kila kinachotambaa. Usirudie kiambato kilekile kila kizazi, badilisha. Na mankozebu, ile poda ya njano ambayo wakulima wa viazi wanaifahamu kwa jina la Dithane, ni dawa ya ukungu. Haiui kiwavi hata ukiimwaga gunia zima. Nimeitaja kwa sababu katika masoko yetu huuzwa kwa yeyote anayesema mmea wangu unaumwa.

Lebo nyingi zinazofika kwetu zinatoka Uganda au Rwanda na zimeandikwa Kiingereza, na anayezisoma amesomea Kifaransa au hakusoma. Angalia basi ukanda wa rangi chini ya lebo. Mwekundu ni sumu kali sana, usinunue kabisa. Wa njano ni kali, kijani ni nafuu kuliko zote, na buluu iko katikati ya hizo mbili. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda haina rangi, haina kipimo, haina tarehe, na kuna watoto waliokunywa wakidhani ni kinywaji. Iache kwa mwenye duka. Vaa mikono mirefu, funika pua na mdomo, pulizia upepo ukiwa nyuma yako, usiruhusu mwanamke mjamzito au mtoto kushika pompi. Mtu akianza kutoka jasho jingi, mate kumwagika na tumbo kukaza baada ya kupulizia, mvue nguo, muoshe kwa sabuni, umkimbize kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe, kwa kuwa mganga anahitaji kujua ni sumu gani.

Kisha tafuta kwenye lebo idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kwenye lebo za Kifaransa huandikwa DAR, kwenye za Kiingereza PHI. Tangu ndevu zitokee hadi suke livunwe bichi ni wiki tatu hivi kwenye joto, zaidi kidogo mlimani. Kwa mahindi ya unga hesabu hiyo haisumbui. Kwa mahindi ya kuchoma inakula muda wote uliobaki, na wakati huohuo kiwavi ameshaingia kupitia ncha ya suke, mahali ambapo matone hayamfikii. Kwangu mimi, ndevu zikitokea pompi inarudishwa nyumbani. Kinachobaki ni kuponda kwa mkono viwavi wanaoonekana kwenye ndevu, kuvuna mapema kidogo, na kukata ncha zilizoliwa kabla ya kupanga sokoni.

Hayo yote yanamhitaji mtu awe shambani. Wengi wetu tumewahi kuacha mahindi yakiwa kiunoni tukakimbia, tukarudi baada ya wiki, wengine baada ya misimu. Dawa ya duka inahitaji barabara iliyofunguka. Mtupa unahitaji mtu wa kutwanga jioni. Nyigu, sisimizi, maharagwe kati ya mistari na ukingo wa majani ya tembo vinaendelea na kazi hata kijiji kikiwa kitupu. Kwa anayelima mahali ambapo hana hakika ya wiki ijayo, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwekeza kwanza huko, na pesa ya chupa iende kwenye mbegu ya maharagwe.

Jambo la mwisho ni la baada ya mavuno, kwa sababu wadudu hawa wawili hujificha sehemu tofauti. Kitoboa bua hubaki ndani ya mabua, hivyo yalishe ng'ombe au yakatekate na kuyafukia. Usiyasimamishe shambani hadi Februari ukingoja msimu B. Kiwavijeshi yuko udongoni akiwa pupa. Pale ambapo kilima hakina mteremko mkali, lima juujuu na uwaachie kuku wapekue siku mbili tatu kabla ya kupanda. Halafu kubalianeni na majirani mpande ndani ya wiki mbili zilezile, kwani shamba linalochelewa peke yake hupokea nondo wote waliokulia katika mashamba yaliyotangulia.